Chungu cha Jumamosi

Mpendwa Shangazi Eseza, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana mwenzangu ananitia aibu, nami ninajua jambo ambalo lingemzuia na mdomo hautaki kulisema.

Mimi ni Mganda, natengeneza pombe ya mtama hapa Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, pamoja na Suzan, mwenyeji aliyekulia ukimbizini Uganda akarudi baada ya uhuru. Suzan ni mlokole, pombe haijagusa ulimi wake, lakini kwa kuotesha mtama na kuuanika hakuna wa kumshinda, basi yeye anapika na mimi naonja, kwa sababu huku chungu kikiwekwa katikati na kutiwa maji ya moto, mwenye pombe lazima avute mrija kwanza wateja wakimtazama, ndipo nao wavute, waamini kwamba haikutiwa kitu. Mume wake Mogga ndiye aliyetufungua macho, akaichuja, akaitia karkade, yale maua mekundu ya chai, akaiweka kwenye chupa, na wageni wa mashirika wakawa wanavuka daraja kuifuata, na, Shangazi, ilikuwa tamu, baridi, kali kidogo mwishoni, mtu anakunywa huku anacheka peke yake.

Halafu Julai vita vikarudi, wageni wakaondoka, Mogga akaenda Nimule mpakani kwa pikipiki kutafuta chupa, mpaka leo hajarudi. Tukarudia chungu na mirija, na wateja sasa ni watu wenye bunduki ambao siwaulizi wametoka wapi. Mmoja wao alilewa, Suzan akiwa jikoni, akasimulia kwamba walimsimamisha mtu wa pikipiki mwenye makreti ya chupa tupu, wakampigisha magoti.

"Yeye nasema iko natengeneza pombe ya karkade, mimi kuje kwake nakunywa bure," alisema. "Kalas, sisi namaliza yeye, mimi nakuja. Na bado nyinyi nalipisha mimi."

Wenzake wakacheka, nami nikaongeza maji ya moto kwenye chungu kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

Sikumwambia Suzan. Niliogopa bunduki, na pia kwenye kazi yetu maneno ya chunguni hayatoki nje, ukiyatoa hupati mteja tena. Kila jioni alikuwa akiniuliza kama kuna dereva wa Nimule aliyemwona Mogga, namjibu bado. Sasa haulizi tena. Watoto amewapeleka Adjumani, Uganda, kwa dada yake, na yule mlevi aliyesimulia, Suzan amemchangamkia, anamkalisha kwenye kiti cha Mogga, anacheka naye, na amemwalika Jumamosi na wenzake wanywe chungu chao peke yao. Mimi ameniambia nikae nyumbani nipumzike, ataonja mwenyewe. Nimelia, Shangazi. Mjane ambaye hajui ni mjane anajipeleka kwa muuaji wa mume wake. Nimwambie, au nimwache ajifurahishe?

Mpika pombe, Gumbo

Mwanangu, majina nimeyabadilisha na mtaa nimetaja mwingine. Barua yako imenifikia leo, na leo ni Jumamosi. Nimepiga namba uliyoacha haipokelewi, ndiyo maana nakusoma hewani kabla ya wengine, watanisamehe.

Pole kwa mzigo uliobeba. Sasa nakugombeza. Miaka yote hiyo umepika na mwanamke huyu, halafu ukamwona anacheka na mwanamume ukafikiri ni mapenzi? Kati ya jiko lenu na wateja kuna nini, ukuta wa zege? Ulichosikia wewe, naye alikisikia. Akangoja umwambie. Ulipoendelea kumjibu bado, akajua yuko peke yake, ndipo akaacha kuuliza.

Mlokole asiyewahi kuonja pombe anataka aonje yeye. Watoto ameshawavusha mpaka, na hakuna mama anayewavusha watoto mpaka kwa ajili ya hawara. Suzan anataka wale watu wanywe, na anajua hawatakunywa mpaka yeye avute kwanza. Yuko tayari kuvuta. Wewe amekupumzisha ili usife, nawe umemwita malaya moyoni mwako.

Siwalilii wale. Namlilia yeye.

Usimhubirie, Biblia anaijua kukushinda. Usimtajie polisi, mnajua wote wawili mambo yalivyo. Ingia jikoni umwambie hivi: nilisikia, nikanyamaza, nisamehe. Akikupiga, pigwa. Kisha kimwage chungu mbali na kuku na kisima, na wakija kabla hujamwaga, kiangushe mbele yao useme umeteleza. Watakutukana, labda watakupiga pia. Utapona. Asubuhi pandeni gari lenye abiria wengi mwende kwa wale watoto, bila kuaga mtu. Mirija, mtama, chupa, viacheni. Kuotesha mtama ataotesha hata Adjumani, na msiba wa Mogga mtaulia huko kwa sauti, maana hajaliliwa bado.

Usikae kusikiliza barua za wengine. Watoto wale wamebaki na mzazi mmoja, naye saa hii anachemsha maji. Zima redio, kimbia.