Tuliiogopa Betri Yako, Baba

Mpendwa Baba,

Laptopu yako imewaka. Niko mbele yake tangu asubuhi hapa Kibomet, Kitale, chai imepoa, na nimelia hadi jirani akagonga kuuliza kama kuna habari mbaya. Nikamwambia habari ni ya mwaka jana.

Unakumbuka ilivyoanza kufura? Pale pa kupitishia kidole paliinuka, nawe ukaikandamiza na kitabu cha nyimbo ati inyooke. Nilipokupigia ulisema, "Si ni kitambi tu, mama. Imeshiba kazi." Nikacheka. Nikaahidi kukuletea betri nyingine Krismasi, ingawa kutoka Kitale hadi Bokoli ningefika siku hiyo hiyo na kurudi. Hukuifikia Krismasi. Hilo linaniuma kila siku.

Nusu ya Bokoli imezikwa kwa maneno yako. Watu walikuja uwaandikie wasifu wa marehemu wao, na karatasi yenye majina ya shule na kazi, nawe ukaiweka kando ukauliza, "Marehemu alipenda kula nini?" Ulituambia wasifu wako mwenyewe umekwisha kuandikwa, umo ndani ya mashine.

Siku ya kuutafuta, ndugu yangu Wafula aliikumbatia hiyo laptopu. "Tusiiguse, bana. Ukitoa betri, maandishi yote yanaenda nayo." Kuiwasha ikiwa imefura tuliogopa italipuka. Tukakubaliana naye sote, pamoja na vyeti vyetu vyote vya shule. Basi wasifu wako ukaandikwa haraka haraka juu ya mkono wa kochi. Pasta akasoma kwamba ulizaliwa, ukasoma, ukaoa, ukastaafu. Angeweza kuwa anasoma juu ya mtu yeyote.

Wiki jana nikajikaza nikaipeleka kwa fundi, mama mmoja wa maneno machache. Alipoisikia habari ya kitabu cha nyimbo alitikisa kichwa. Betri ya hivyo haikandamizwi wala haitobolewi, alisema, na haichajiwi tena. Akaitoa polepole, akaiweka nje kwenye karai la mchanga, mbali na watu. Nilikuwa nimemletea mpya niliyonunua mjini. Akaigeuza, akanirudishia. "Hii haina namba. Leta yenye namba kama ya zamani, na volti ziwe sawa." Nikaitafuta siku mbili nikaipata.

Alipokuwa akiifunga nikamuuliza kama maandishi yako, tuliyoyakosa mwaka jana, yamepona.

"Maandishi yanakaa kwa diski, dada. Betri ni ya umeme tu."

Halafu akaongeza, bila kujua anachonifanyia, "Hii hata bila betri inawaka na chaja. Mngeitoa tu, mngesoma siku ile ile."

Siku ile ile, Baba. Tungekuzika kwa maneno yako mwenyewe. Sijamwambia Wafula, na sijui kama nitamwambia.

Nimeufungua leo. Ukurasa mmoja na nusu, na juu kabisa umeandika: "Usomwe na Naliaka. Asiharakishe."

Mimi siku ya mazishi nilikaa safu ya pili na leso mdomoni, nikimsikiliza Pasta.

Nimesimama sasa hivi, hapa katikati ya chumba, nikausoma kwa sauti mpaka mwisho. Sikuharakisha. Hakukuwa na mtu wa kusikia.

Nisamehe, Baba. Pumzika.

Binti yako,
Naliaka