Mafua ya Radojka siku ya slava

Shoga, uvumi ulinikaa kooni wiki nzima: eti binti yangu Radojka atafunga mlango siku ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao. Nani amewahi kufunga mlango siku hiyo? Wageni hawaalikwi, wanakuja tu.

Basi ni kweli. Slava yao huangukia mfungo, nyama hailiwi, na samaki mwaka huu hawashikiki kwa bei, na mshahara wake unaishia kwenye kodi na kuni. Akawatumia watu ujumbe kwamba ana mafua makali, wasije. Akazima taa, akainjika maharage.

Mafua, shoga. Huku kwetu kusema unaumwa ni kuita watu.

Akaja Vidosava, shangazi wa mumewe, na chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, ya kunywa na ya kukandia wagonjwa. Nyuma yake ukoo mzima.

"Fungua, mkwe, nikukande kifua."

Radojka akafungua, kitambaa shingoni. Vidosava akanusa. "Mafua gani haya yananukia maharage?"

Mwanangu akainamisha kichwa. "Shangazi, sina samaki. Hela sina."

"Kwani mtakatifu kakwambia anataka samaki? Washa taa, upakue."

Walikula, wakaimba. Na kukandwa, alikandwa vilevile, mbele ya watu.

Slava ya binti yako inakuja. Mwambie aepuke haya:

Kukopa ili wageni washibe.
Kujisingizia ugonjwa.
Kuzima taa wakati bomba la moshi linafuka.
Kumficha mama yake kwamba jikoni hamna kitu.