Keki za Kuombea Radhi

Himeji, Juni

Kwa dada yangu Mitsue,

Habari za huko Sapporo? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi hatujambo, ila mvua imefanya nguo zote zinuke unyevu, na mama anauliza kama unakula vizuri.

Najua mama alikwambia kwa simu kwamba nilishikwashikwa kwenye treni na kwamba mambo yamekwisha. Hayajaisha. Yule mwanamume, Kurata, alikamatwa palepale kituoni. Juzi mkewe na wakili walikuja na boksi la keki za maharage, wakainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mama alilikataa kwa adabu mara mbili. Mara ya tatu bibi akalipokea, akaliweka kwenye madhabahu ya babu na kuwasha ubani, kama afanyavyo kwa kila zawadi. Wakili akatabasamu, maana kitu alichokwisha kupewa marehemu hakirudishwi, na anayepokea zawadi ya radhi huhesabiwa amesamehe.

Akaeleza kwamba mkono ukipita juu ya nguo ni kosa dogo, la faini tu. Ukiingia ndani ndipo kuna jela. Baba akashusha pumzi. Alisema afadhali sheria ina madaraja, la sivyo mtu angefungwa miaka kwa utundu wa dakika moja. Bibi akamrukia: "Utundu? Mwanao hali, halali, we unaita utundu?" Baba akamjibu, "Mama, taratibu basi, majirani watasikia!"

Mimi sipingi madaraja, dada. Makosa hayalingani. Lakini naogopa sana. Akilipa faini, Jumatatu atapanda treni ileile, na kituo ninachoshuka anakijua. Jana nilikwenda kazini kwa miguu, na kila mlio wa viatu nyuma yangu niliona ni wake.

Kesho naitwa kwa mwendesha mashtaka. Polisi waliponiuliza mkono ulikuwa wapi, baba alikuwa ameketi kando yangu. Nikasema juu ya nguo.

Haukuwa juu ya nguo, dada. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Kesho nitakwenda bila baba, nikaseme mkono ulikuwa wapi hasa.

Bibi sijamwambia kitu. Ila leo asubuhi ameliondoa boksi kwa babu, akamwomba babu radhi, akalifunga upya na kuliweka mlangoni, kando ya viatu vyangu.

Nisalimie shemeji. Usimpigie mama simu kabla sijakupigia mimi.

Mdogo wako,
Chisato