Maman na Ziwa

Jumapili

Siku mbili za kutembea kwa miguu, na nyayo zinawaka moto! Macho ya Maman yanakwisha, daktari ametuambia wazi. Nilitaka alione ziwa vizuri kabla hajapofuka.

Lakini tulipotoka mtaani kwetu Nyawera alisimama kwa kila muuza mboga, akiuliza habari za watoto mmoja mmoja. Jana giza lilitukuta njiani, tukarudi. Leo tulifika, naye akaligeuzia ziwa mgongo!

"Maman, angalia maji basi!" nilimfokea.

"Ziwa ninaijua, mutoto wangu. Sogea kwenye jua. Ni wewe nataka kuona."

Nikasogea. Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi bado nilikuwa nimekunja uso.