Kisima Nilichokichora Masaki

Tangini, Kibaha

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Natumaini mguu umepoa na sokoni unakwenda mwenyewe. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila roho inatokota kama uji, na nisipokuandikia wewe nitampiga mtu.

Kwanza ujue huku Pwani mimi ni mtu mkubwa. Ukishuka Kibaha ukauliza fundi wa rangi, hata mbuzi atakuonyesha kwangu. Nimeandika vibao vya maduka Mombasa, nimepaka meli Tanga, na darasa langu la nne hili hili halijaninyima kula.

Basi mwenyekiti wa kijiji kimoja huko Masaki, Kisarawe, akaniita nichore ukuta wa duka la ushirika, ule unaotazama barabara, maana mkubwa kutoka mkoani anakuja. Akasema, "Fundi, chora bomba la maji. Mama anacheka, ndoo imejaa."

"Bomba lenyewe liko wapi, mzee, nikalitazame?"

"Wewe chora. Litakuja."

Nikafikia kwa Bi Tatu, mjane wa hapo kijijini. Akanipa maji, nikadhani chai. Asubuhi nikamfuata kisimani. Dada, nyuma ya mikorosho, mahali gari la mgeni halifiki, kuna shimo. Wanawake wamepanga ndoo foleni, wamekaa chini wanangoja maji yajikusanye, wachote kata moja, wangoje tena. Vyura wanaogelea humo kama wana hati ya nyumba. Na watu hawa kule walikokuwa kabla ya kuhamishwa walikuwa na chemchemi yao safi! Waliambiwa sogeeni barabarani, bomba linawafuata. Sasa mjukuu wa Bi Tatu amelazwa Kisarawe, anaharisha kwa maji hayo hayo.

Nikapandwa na hasira. Nikalichora shimo lile ukuta mzima: vyura, foleni, na Bi Tatu ameinama na kanga yake ya maua mekundu. Kando nikaweka mshale mrefu, unaonyesha njia ya kisimani.

Mwenyekiti alipouona akafoka, "Unatupaka matope!"

"Mimi napaka rangi tu, mzee. Matope nimeyakuta."

Nafasi ya kufuta hakuwa nayo, vumbi la magari lilikwisha onekana.

Mkubwa akashuka, akautazama ukuta kwa makini. Nikasema moyoni, huyu sasa atafuata mshale. Akatikisa kichwa, akasema, "Kazi nzuri sana. Hizi ni enzi za mkoloni, siyo?"

Mwenyekiti, hata kope hazikumcheza: "Ndiyo, Ndugu! Tunawakumbusha vijana tulikotoka."

Makofi! Wakampiga picha hapo hapo, ameegemea shimo.

Bi Tatu akapaza sauti, "Mkoloni gani, mwanangu? Kanga hiyo si ndiyo hii niliyovaa? Hayo maji nimechota leo!"

Mgambo akamshika mkono bibi wa watu. "Bibi, usituharibie sherehe."

Nikamrukia yule mgambo. Nilimtia adabu, dada, ingawa aliyebaki chini ni mimi, na shati langu la Mombasa limechanika mgongo mzima. Magari yakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyekwenda nyuma ya mikorosho.

Wangenifunga ningejivunia. Wangefuta ukuta ningeelewa. Lakini wamenisifu! Kwa sifa hiyo wamekifukia kisima, na Bi Tatu na mjukuu wake wamo ndani.

Kesho yake mwenyekiti akaniletea kopo la rangi nyeusi, eti niandike chini ya picha ENZI ZA MKOLONI, kama mgeni alivyosema. Nikapokea kopo, nikamwitikia kwa heshima zote, nikapanda kwenye ngazi. Nilipomaliza, Bi Tatu, ambaye anasoma elimu ya watu wazima, akasimama hapo na ndoo kichwani, akayavuta maneno herufi kwa herufi: LEO ASUBUHI.

Akafikiri. "Na kesho je?"

"Kesho nayo, bibi, watasoma hivyo hivyo."

Sasa nimerudi Tangini. Wakinitaka waje, nyumba yangu ndiyo yenye simba wa rangi mlangoni.

Nisalimie shemeji, mwambie baiskeli yake nitaipaka rangi nikija. Msalimie mama mdogo anayefuma mikeka, na wapwa zangu wote, hasa yule mbishi. Asiache ubishi.

Ni mimi, mdogo wako mwenye hasira, rangi bado iko kwenye kucha,

Athumani