Mpishi Asiye na Maneno

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya tatu na filamu ya meli. Mugambi ameituma kutoka Nairobi, anataka maandishi ya chini kwa Kiswahili kufikia Ijumaa. Hadithi yenyewe nzuri: nahodha, binti yake, na humo melini msaliti asiyejulikana. Ningeifanya kwa raha kama si mpishi.

Mpishi! Kila watu wanapokaribia kuambiana jambo la maana, huyo anaingia na sufuria. Anajifuta mdomo kwa aproni — hapo unajua mzaha unakuja — kisha anasema kitu juu ya tumbo lake. Binti analia, yeye anauliza kama chumvi imekolea. Karibu kila filamu ninayopewa ina mtu wake wa aina hii. Nani aliamua kwamba hatuwezi kukaa na huzuni dakika tano bila kutekenywa?

Nilimtumia Fawaz kipande kimoja aone ninavyoteseka. Akajibu kwamba amecheka mpaka wagonjwa wakamchungulia. Yeye ni nesi kituo cha afya cha Chundwa. Mtu mwenye akili zake. Sielewi.

Jumatano, 6 Agosti

Matanga kwa jirani. Wanaume barazani, sisi ndani, lakini sauti ya baba haijui kuta, ingawa kuta ndiyo kazi yake. Kwanza kikohozi — kimoja, kidogo, kikavu. Nakijua tangu utotoni. Mzaha uko nyuma yake. Akasema: "Marehemu aliniambia nimalize kumpigia chokaa kabla hajafa. Nami nikadhani ananihimiza tu."

Nje wakacheka. Mjane, humu ndani, mabega yalimtikisika; sikujua analia au anacheka. Mimi nilivuta mtandio mpaka machoni.

Jumamosi watu wa Fawaz wanakuja kuniposa. Nimeliandika neno, nimelitazama. Miaka minne tangu tujuane chuoni Mombasa. Fawaz anasema mwenye kauli kwao ni ami yake, Bwana Shekuwe. Akikubali yeye, wote wamekubali. Akikataa, hakuna wa kumpinga.

Na baba atakuwa amekaa mbele yake. Na kikohozi chake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia. Baada ya alasiri alikuwa uani ananawa chokaa mikononi. Baba, Jumamosi nakuomba usifanye mzaha. Hata mmoja.

Alidhani natania. Akakohoa. Nikasema hapana baba, tafadhali — na machozi yakanitoka, sikuyapanga.

Akaacha kunawa.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Haya mwanangu. Nitakuwa ukuta."

Akafungua mdomo kama mwenye neno jingine, akaufunga.

Nilirudi kwenye kompyuta nikamnyamazisha mpishi pia. Mizaha yake yote nimeiacha bila tafsiri. Mdomo unatembea, chini patupu. Filamu imepata heshima yake. Nimeituma kwa Mugambi siku moja kabla.

Jumamosi, 9 Agosti

Walikuja watano na mashua ya asubuhi. Walipoingia sebuleni nilichungulia dakani, pale penye mlango wa kuingilia, nikaviona viatu vyao vimetupwa ovyo. Nikavipanga, jozi kwa jozi, vikitazama ndia ya kutokea. Vya Bwana Shekuwe ni makubadhi makubwa ya ngozi, ya zamani, yenye kisigino kilicholika upande mmoja.

Kisha nikakaa nyuma ya pazia. Mama alikuwa jikoni na kahawa.

Bwana Shekuwe alianza. Akasema punda wa Lamu wamewapokea vizuri kuliko wenyewe. Baba akasema, "Alhamdulillahi." Mgeni akasema ameambiwa nyumba hii watu hula mara moja kwa wiki, ndiyo maana amekuja ameshiba. Baba akasema, "Karibuni chakula." Mara ya tatu akasema yeye na wenzake wamekuja na magunia, kama babu zetu sisi. Baba akasema, "Mola atatujaalia kheri."

Nilifurahi mno. Baba yangu, kama waziri! Wa kwao ndiye aliyekuwa akichezacheza na maneno, si wa kwetu.

Walikula kidogo. Waliondoka kabla ya adhuhuri. Neno lenyewe la posa lilisemwa haraka sana mwishoni, kama mtu anayeaga.

Jumapili, 10 Agosti

Fawaz hajapiga simu. Baba amekula bila kusema kitu. Nyumba imetulia. Ndivyo nilivyotaka.

Jumatatu, 11 Agosti

Mugambi amepiga. Hakugomba, anapokuwa na hasira ndipo husema polepole.

Wamewaonyesha filamu watu kumi. Akawauliza katikati, msaliti ni nani? Tisa wakasema mpishi.

"Razan, mtu anasema na wewe humwandikii kitu. Watu wanadhani anaficha jambo."

Nikasema ni mizaha tu, haiongezi kitu. Akasema, ndiyo, lakini mtazamaji hajui kama ni mizaha tu. Anachoona ni mdomo na kimya. Ameirudisha. Nirekebishe mpaka Alhamisi.

Watu hao kumi wanaangaliaje filamu?

Jumanne, 12 Agosti

Fawaz amepiga. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ile ya kuwaambia jamaa za wagonjwa. Ami yake anasema nyumba ya baba, Bwana Obeid, imewakataa kwa adabu. Keshokutwa anakuja mwenyewe kurudisha neno la posa, yaishe bila chuki. Nikauliza, tumekataa lini? Fawaz akasema, "Baba yako alimkatalia utani mara tatu mbele ya watu."

Nilimwendea mama na simu bado mkononi. Akaacha kukuna nazi.

Babu yangu na babu yao walikuwa watani. Sisi na wao hatuanzi jambo kubwa bila kwanza kutukanana kidogo. Yale magunia — mama alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mgeni. Sisi huwaambia kwamba babu zao walipanda chumvi wakangoja mvua. Wao hujibu, na babu zenu wakaja na magunia kuvuna. Bwana Shekuwe alitamka nusu yake makusudi, ili baba atamke nyingine.

"Mtani asiyekujibu amekufungia mlango," mama akasema. "Na nani aliyevipanga viatu vile? Mtani akija, kiatu chake kimoja hufichwa. Akianza kukitafuta ndipo mazungumzo huanza. Walipotoka wakavikuta vimepangwa kama vya mkaguzi wa serikali."

Nikakiri, viatu na mdomo wa baba, vyote viwili. Mama hakunigombeza. Aliirudia nazi yake.

Digrii ninayo. Hili sikufundishwa, au nilifundishwa nikiwa nimeziba masikio kwa aibu.

Jumatano, 13 Agosti

Nilimuuliza baba kwa nini hakuniambia pale uani.

"Ungesema natafuta ndia ya kuiruka ahadi."

Basi nimekufungua, nikasema. Kesho mtanie Bwana Shekuwe utakavyo. Akatikisa kichwa. Nikianza mimi sasa, akasema, ataona nambembeleza. Utani wa kubembeleza ni matusi. Hakukohoa hata mara moja. Akaenda kazini na ndoo yake.

Mchana kutwa nimekaa na mpishi. Kumwandikia ni kazi kuliko nahodha! Nahodha anasema "twende", naandika "twende". Mzaha wa tumbo hautafsiriki kabisa. Pale baharia mzee anapozikwa baharini, nimeutupa, nikaweka wa baba: "Aliniambia nimalize wali kabla hajafa. Nami nikadhani ana njaa tu." Nikairudisha picha nyuma kuangalia kama maneno yanatosha kwenye mdomo. Nilikuwa sijaona: mpishi akishasema hivyo, binti anacheka, kisha ndipo anapolia kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa ameganda tu.

Kipande hicho nimekitazama mara sita. Nimemtumia Mugambi kazi yote.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa nne asubuhi. Bwana Shekuwe yuko sebuleni na baba. Amekuja peke yake. Salamu zimekwisha, kahawa imekwisha. Hakuna aliyetania. Mama amesimama mlangoni mwa jiko na sinia tupu.

Niko chumbani, naandika. 

Kubadhi la kushoto la Bwana Shekuwe liko chini ya mto wangu. Zito, limelika kisigino, linanuka samli na bahari. Nimepita dakani bila viatu, kama mwizi. Msichana anayeposwa hafanyi hivi. Sijui kama kuna msichana aliyewahi.

Anaaga. Hakulitaja neno alilokuja kulirudisha, anasema mashua haingoji. Nasikia nyayo mpaka dakani. Zimesimama.



"Bwana Obeid, mimi nimekuja na miguu mingapi?"

Baba hajajibu. Hajui, sikumwambia. Sasa naye ametoka, nadhani wote wawili wanakitazama kiatu kimoja. Mama ameshaniona, ameziba mdomo kwa kanga.

Kama Bwana Shekuwe amekasirika, yamekwisha, na nimeyamaliza mimi mara mbili.



Sasa — kikohozi. Kimoja, kidogo, kikavu.