Siku Maziwa Yalipomwagwa Murongo

Murongo, Jumamosi, mwezi wa saba. Jua kali, vumbi tangu asubuhi.

Mdomo wangu wa juu umevimba kama andazi na jino moja la mbele linacheza. Mume wangu Festo amevunjika mkono. Kaka yangu Yeremia ana kidonda juu ya jicho ambacho bado kinachuruzika damu.

Sisi ndio watu wa mjini.

Naandika kabla jua halijazama kwa sababu baadaye nitakuwa na kazi nyingine, na kwa sababu mikono yangu imekataa kutulia. Nikiipa kalamu, angalau haishiki kitu kingine.

Wanaoita Murongo mji sitawabishia. Tuna safu mbili za maduka ya mabati, machimbo kule mlimani, kambi ya kampuni, na watu waliokuja kutoka kila upande kutafuta maisha. Wakishayapata wanayapeleka dukani. Mwaka huu kahawa imepanda bei, basi hata watu wa mashambani wameingiwa na wazimu. Nimemwona mzee wa Nyabiyonza akisukuma baiskeli mpya asiyojua kuipanda, amevaa viatu vilivyomchuna visigino mpaka damu, na bado anatabasamu. Namjua mama anayeuza mayai yote ya kuku wake ili awanunulie watoto peremende. Watoto wale wana meno meusi kama makaa. Jumamosi iliyopita, siku ya mshahara, mchimbaji mmoja alimng'ata mwenzake sikio likatoka, kisa miwani ya jua. Akakitema kipande chini, akaiokota miwani, akaivaa. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka.

Nilipohadithiwa nilicheka.

Festo ni karani wa machimbo. Kwao ni Muleba. Amekulia kwenye njaa, hilo nalijua na sijawahi kumcheka. Aliwahi kunisimulia walivyokuwa wakila ndizi za kuchoma bila chumvi, na jinsi wenzake shuleni walivyokuwa wakipokezana kuingiza vidole kwenye matundu ya kaptula yake. Alipopata ukarani aliapa kwamba hakuna atakayemcheka tena. Kwa hiyo nyumbani kwetu ni mkate mweupe, unaofika kwa lori ukiwa umeshakauka. Ni chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Ni biskuti, ni sigara za paketi. Ndizi na maharage anayaita chakula cha vibarua. Mimi nilikuwa nayala jikoni, nimeupa mlango mgongo, kama mwizi.

Hayo yote ningeyavumilia mpaka kufa. Mtu akitaka kuoza meno yake mwenyewe, ni yake.

Lakini tuna Koku.

Koku ni binti yetu. Nilipougua homa ile kali wakati wa masika, maziwa yangu yalikauka naye bado ananyonya. Festo akaja na maziwa ya kopo, yale mazito, matamu, yenye picha nzuri pembeni. Nilimshukuru kwa moyo wote, Mungu ananiona. Kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji ya moto, mtoto anakunywa analala. Ukiongeza maji, kopo linakaa zaidi. Makopo matupu Festo aliyapanga dirishani, picha zikitazama barabarani, wapitao waone mtoto wa karani anakunywa nini.

Na mtoto akanenepa. Mashavu yakajaa. Mama Devota, jirani yetu, mke wa fundi cherehani, akaja kumpongeza mume wangu. Wake za makarani wakaniuliza ni kopo gani, nao wakanunua.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Rugu. Najua ndama aliyenenepa na ndama aliyevimba. Siku moja nilimbonyeza Koku kwa kidole juu ya mguu wake, nikaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale. Likabaki. Nikabonyeza mguu wa pili. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini kama za mahindi mabichi. Alikuwa amekwisha kujua kusimama kwa kushika kiti, akaacha kusimama. Kisha akaacha kulia. Hilo la kuacha kulia ndilo lililonitoa jasho.

Nilimwambia Festo tutafute maziwa ya ng'ombe. Akasema maziwa yote yanayofika kambini ni ya Wazungu wa machimbo, na karani hawezi kwenda kuomba mabaki mlango wa nyuma. Nikamwambia basi niende kwetu na mtoto kwa muda. Akasema nikiondoka watu watasema ameshindwa kulisha mke. Nilipomwonyesha lile shimo mguuni aligeuza uso pembeni. Akanunua kopo kubwa zaidi.

Nikampa mchuuzi mmoja wa ngozi, aliyekuwa anaelekea Rugu, ujumbe kwa kaka yangu. Maneno machache tu: mtoto anakufa, nina mume asiyesikia.

Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi shati la Festo barazani, pasi imejaa makaa mekundu, nikasikia mlio wa ng'ombe. Nikadhani ni mawazo. Nikainua macho, na pale nyuma ya nyumba za kampuni, palipokatazwa hata kufuga kuku, Yeremia alikuwa amesimama na ng'ombe mwekundu na ndama wake. Miguu yote ya kaka ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Alikuwa ametembea siku kadhaa, akilala kwa ndugu na jamaa njiani.

Nikasema, "Shikamoo, kaka."

Akasema, "Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Nilimleta. Alimbonyeza mguuni kama nilivyofanya mimi, akalitazama shimo, akachuchumaa na kuanza kukamua. Kaka yangu ni mzee wa kanisa, mtu wa kusali kabla ya kunywa maji, lakini nilimwona taya zinacheza kwa hasira. Alikamulia kwenye ekyanzi, kile chombo chetu cha mti kinachofukizwa moshi wa nyasi mpaka maziwa yananukia. Nikayachemsha, nikayapoza, nikamwekea Koku mdomoni. Akameza kidogo. Akafungua macho.

Hapo ndipo Festo alipotokea.

Alikuwa anatoka ofisini kuja kubadili shati, na nyuma yake walikuwa makarani wenzake wawili. Walimwona ng'ombe kwanza. Mmoja akacheka, akasema, "Kumbe bwana karani umeoa na zizi!"

Kama yule mtu angenyamaza, sijui. Labda tungezungumza. Niliuona uso wa mume wangu ukirudi utotoni, kwenye ile kaptula yenye matundu, kisha ukawa uso wa mtu nisiyemjua. Alikuja moja kwa moja, akanipokonya chombo, akamwaga maziwa yote chini mbele ya wenzake.

"Mwanangu hatanyweshwa kwenye mti kama ndama!" akapiga kelele. "Shemeji, ondoa mnyama wako!"

Akampiga ndama teke la tumbo. Ndama akaanguka akilia.

Yeremia alisimama taratibu. Alikuwa na fimbo yake ya kuchungia. Pigo la kwanza lilimpata Festo begani, la pili shingoni, na la tatu lilimlaza kwenye tope la maziwa aliyoyamwaga mwenyewe. Kaka alipiga tu, kama mtu anayepura maharage. Festo akajiburuta mpaka dirishani, akanyakua yale makopo, akaanza kuyarusha. La kwanza likapita. La pili, lililokuwa na mdomo uliokatwa vibaya kwa kisu, lilimpasua Yeremia juu ya jicho. Damu ikamfunika uso nusu. Kaka akapepesuka, na Festo akamrukia, akamkaba koo, wakaanguka wote wawili, na mume wangu akawa juu.

Watu walikuwa wamejaa. Hilo sitalisahau. Walitoka madukani na vikombe vya chai mikononi. Mwanamke mmoja muuza maandazi alipitisha sinia lake katikati yao na watu wakanunua, wakatafuna wakitazama. Wale makarani walikuwa wanashangilia. Mama Devota peke yake ndiye aliyelia, "Mawe, mama yangu! Wataua!" lakini hata yeye hakusogea.

Nilimlaza Koku barazani, nikaenda kumvuta Festo kwa kola. Aligeuka akanipiga ngumi ya mdomo. Sio kofi, ngumi. Nikasikia jino likilia kichwani. Kisha akarudi kwenye koo la kaka yangu, na miguu ya Yeremia ikaanza kukwaruza ardhi.

Nikachukua pasi.

Sikufumba macho. Niliinyanyua kwa mikono miwili, na makaa yake, nikaishusha kwenye mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Mfupa ulitoa sauti kama kuni kavu. Kifuniko kilifunguka na makaa yakamwagika mgongoni kwake na kwenye nyasi. Alipiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia kwa mwanaume. Na mimi, niandike ukweli, nilitaka kupiga tena. Pasi ilikuwa tayari juu. Kilichonizuia ni Yeremia, aliyekuwa anakohoa na kutapika chini pale, akainua kiganja na kusema, "Eunike, basi. Basi, mdogo wangu."

Nikaishusha chini.

Nimekaa tangu mchana nikingoja majuto yanijie. Hayajaja. Pengine yako njiani.

Walimpeleka Festo zahanati ya kambi. Nyapara alikuja na askari, akatazama damu, akatazama ng'ombe, na kilichomuudhi zaidi ni ng'ombe. Akasema kaka na mifugo yake wasionekane kambini kesho asubuhi, la sivyo ng'ombe atachukuliwa na kaka atalala mahabusu. Kuhusu mimi alisema hayo ni mambo ya mtu na mke wake. Watu wakatawanyika. Nikawasikia wakirudi dukani wakibishana nani alipiga vizuri.

Yeremia, jicho moja limefungwa na kitambaa, alimkamua ng'ombe tena. Kwa jicho moja hakulenga vizuri, na maziwa mengi yaliangukia nje. Koku alikunywa, akatapika. Akapumzika, akanywa tena. Mara hii yalibaki. Baadaye alilia, kilio kibaya cha njaa, kilio cha mtoto anayedai chake, na mimi na kaka tukatazamana tukashindwa kuzuia machozi.

Festo alirudi alasiri, mkono umefungwa kwenye vipande vya mbao, mgongo umepakwa dawa. Nilijiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimemsogeza mtoto pembeni na kukaa karibu na mlango. Hakunipiga. Aliketi kitandani, akatazama ukuta, akaonekana mdogo. Kwa muda nilimhurumia. Nilifikiri atauliza mtoto anaendeleaje. Ningemjibu vizuri, naapa ningemjibu. Ningempa maji, ningekaa karibu naye.

Akasema, "Watu wote wameona."

Nikangoja.

Akasema tena, "Wote, Eunike. Hata wa dukani."

Koku alikuwa analia hatua chache kutoka alipoketi, baada ya wiki nzima ya kunyamaza, na baba yake alikuwa anawasikia watu wa dukani.

Hapo nikajua nitakwenda wapi. Sikumgombeza. Nilitoka, nikamwambia kaka, naye akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa. Nimefunga kanga mbili, Biblia yangu, na blanketi la mtoto. Tutaondoka alfajiri kabla nyapara hajaamka, tutapumzika Nyabiyonza kwa jamaa zetu wakati wa joto, na ng'ombe atakuwa nasi njia nzima, kwa hiyo Koku atakunywa kila tutakaposimama. Sijui kama atapona. Yeremia anasema amewahi kuona watoto wa namna hii wakipona, na amewahi kuona wengine. Nilimwomba asinidanganye na hakunidanganya.

Nitamwachia Festo ndizi za kupika na maharage, na nimemwomba Mama Devota amsaidie, maana kwa mkono mmoja hawezi kumenya. Mama Devota alikubali, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama miguu ya mwanawe wa mwisho nayo ni ya kuvimba. Nilimbonyeza huyo mtoto, aliyekuwa mgongoni kwake. Nikamwambia ukweli. Amekwenda nyumbani mbio na sasa nasikia huko kwao vitu vinavunjika.

Nikifika Rugu nitajiuliza mimi ni mke wa nani. Siku Festo atakaponifuata, kama atanifuata, nitafanya nini? Kaka zangu watataka kumpiga. Sitawaruhusu. Atasimama uwanjani na mkono wake uliopinda, nami nitakaa ndani kimya na kusikiliza atataja jina la nani kwanza.

Akitaja la mtoto, nitatoka.